Usimtaje mjusi kafiri kabla hujaona vidole vyake

Mjusi kafiri wa kwanza niliyempa jina la kisayansi nilimkosea. Ilikuwa Mtwapa, barazani kwa shangazi yangu, saa tatu usiku, na mjusi mwenyewe alikuwa amening'inia karibu na taa akivizia kumbikumbi. Nikampiga picha kwa flashi ya simu. Mgongo ulionekana laini kama karatasi, mkia mfupi uliokatika zamani ukaota upya, na muda mfupi kabla ya hapo nilikuwa nimesikia "chak-chak-chak" kutoka darini. Nikaandika kwenye daftari: Hemidactylus frenatus, yule mwenye asili ya Asia ambaye meli zimemtawanya bandari nyingi za joto, na ambaye amerekodiwa pwani ya Kenya pia.

Asubuhi nikamkuta mwenye mkia ule ule ndani ya sinki, ameshindwa kupanda. Nikamfunika kwa bilauri na kumulika tochi ya simu kutoka ubavuni. Vivuli vikajitokeza: mgongo mzima ulijaa vinundu vidogo vilivyopangana safu kwa safu. Huyo si frenatus. Frenatus mgongo wake ni punje laini, na vinundu vyake ni vichache na hafifu. Niliyekuwa naye alikuwa Hemidactylus mabouia, mwenyeji wa kuta zetu. Flashi ya usoni ilikuwa imefuta vinundu vyote, na sauti ya darini ilikuwa ya mjusi mwingine kabisa.

Kosa lile limenifanya nifuatilie ubishi ambao wapenda mijusi hawaumalizi. Je, spishi zinazofanana kiasi hiki zinaweza kutofautishwa kwa maumbile peke yake, au tukubali kwamba bila vipimo vya vinasaba tunabahatisha?

Wanaotetea maumbile wana hoja nzito kuliko wanavyopewa. Kufika kwenye jenasi, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu, ni kazi ya sekunde chache. Mboni ya jicho ikiwa mpasuo wa wima na mnyama anatoka usiku, huku chini ya kidole kuna vibamba vya kunatia viwili viwili na ukucha umechomoza juu yake, hiyo ni Hemidactylus. Mboni ikiwa duara na mnyama anakimbia mchana kweupe kwenye mnazi au ukuta wenye jua, ana urefu wa kidole cha shahada hivi, na hata ncha ya mkia ina vibamba vya kunatia, basi ni Lygodactylus. Hapo hakuna haja ya maabara.

Kutoka jenasi kwenda spishi ndiko kwenye utamu na matatizo. Chukua mabouia na jamaa yake Hemidactylus platycephalus, ambao unaweza kuwakuta kiwanja kimoja, mmoja ukutani na mwingine kwenye mbuyu. Platycephalus ni mkubwa na mnene zaidi. Jina lenyewe linatokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya kichwa bapa. Lakini "mkubwa zaidi" ni kipimo cha mtu mwenye mijusi miwili mkononi. Ukiwa na mmoja, tena mchanga, ukubwa haukusaidii kitu. Unachotafuta ni vitundu vya nta vilivyo kwenye mstari chini ya mapaja ya dume. Kwa mabouia mara nyingi huwa thelathini na kitu au pungufu. Kwa platycephalus kwa kawaida huvuka 40. Mgeuze, hesabu, umemaliza.

Ila jike hana mstari huo wa kuhesabu. Hapo ndipo upande wa pili unapotabasamu. Alama nzuri kuliko zote inakosekana kwa nusu ya mijusi waliokomaa, na kwa watoto karibu wote. Mkia nao una miiba inayosaidia mpaka siku ukatike, kwa sababu unaoota upya hauna mpangilio ule wa kwanza. Na rangi ndiyo shahidi mwongo kuliko wote: mjusi yule yule huwa kijivu chenye mabaka mchana akijificha nyuma ya picha ya harusi, na usiku anapauka mpaka unakaribia kuona chakula tumboni. Anayemtambua mjusi kafiri kwa rangi ya picha anatambua taa aliyopigiwa.

Pigo kubwa zaidi kwa watu wa vinundu lilikuja mwaka 2021, utafiti wa vinasaba ulipoonyesha kwamba huyu tunayemwita mabouia barani Afrika si mmoja. Ni mkusanyiko wa koo zisizopungua 20, zilizoachana muda mrefu kiasi cha kuweza kuhesabiwa spishi, na ni ukoo mmoja tu ulioenea mbali hadi kuvuka Atlantiki. Kuna kichekesho hapa. Jina mabouia lilitolewa mwaka 1818 na Moreau de Jonnès kwa mijusi wa visiwa vya Karibi, si wa Afrika. Mwenye jina, kwa hiyo, ni yule aliyehama, na baadhi ya ndugu zake waliobaki nyumbani huenda ndio watakaotafutiwa majina mapya. Na mjusi wangu wa kwenye sinki? Niliposahihisha daftari na kuandika mabouia, pengine nilikuwa nahama tu kutoka kosa kubwa kwenda kosa dogo.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema tuweke bilauri chini tusubiri maabara. Tafiti nyingi za namna hii huegemea sana vinasaba vya mitokondria, ambavyo hurithiwa kwa mama peke yake. Vinaweza kuonyesha kwamba koo zimetengana bila kukuambia kama wanyama wenyewe, wakikutana, watajamiiana na kuchanganyika. Ndiyo maana mtafiti akishapata koo zake 20 kwenye kompyuta hurudi kwenye makabati ya makumbusho kuhesabu vitundu na vinundu, akitafuta kama kuna kitu mwilini kinacholingana na mgawanyiko alioupata. Tena vielelezo vingi vya zamani vilihifadhiwa kwa fomalini, ambayo huharibu vinasaba kiasi kwamba kuvisoma ni kazi ngumu. Kwa hao, maumbile ndiyo lugha pekee waliyobaki nayo.

Halafu kuna mahali ambapo kusubiri hakuwezekani kabisa. Msitu wa Kimboza, chini ya milima ya Uluguru mkoani Morogoro, ndio makazi makuu ya Lygodactylus williamsi, aliyeelezwa kisayansi na Loveridge mwaka 1952. Dume lake ni la buluu inayowaka, koo jeusi na tumbo la rangi ya chungwa, na anaishi kwenye mikadi ya msituni, kati ya majani yale marefu yenye miiba. Uzuri huo umemponza. Kati ya mwishoni mwa 2004 na katikati ya 2009, kundi moja tu la wakamataji lilikadiriwa kuchukua mijusi zaidi ya 30,000, na mara nyingi mikadi yenyewe ilikatwa ili kuwafikia. Tangu Januari 2017 amewekwa kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, yaani biashara ya kimataifa ya waliotoka porini imefungwa.

Sasa jiweke kwenye viatu vya ofisa wa forodha aliyefunguliwa kasha lenye vijidude 80 vya urefu wa kidole. Dume la buluu halimsumbui mtu. Lakini jike la williamsi ni la kijani kinachoelekea shaba, na dume changa nalo halina buluu bado. Karibu yao kuna Lygodactylus wengine wa Afrika Mashariki ambao majike yao yana rangi za kufifia. Anayesafirisha akiandika jina la jumla, "Lygodactylus" bila spishi, ofisa asiyejua pa kutazama atagonga muhuri. Ukimwambia apeleke sampuli maabara, mijusi watakuwa wamekufa au wameshapanda ndege. Kinachomfaa ni mwongozo wa picha unaoonyesha majike na watoto, siyo madume ya kupendeza peke yake. Miongozo mingi niliyoiona hupamba jalada kwa dume na kumsahau jike, jambo ninaloliona kosa la wazi.

Kwa hiyo mimi nimegawanya kazi. Penye sheria na kasha lililo wazi mezani, nitasimama na maumbile, hata kwa hatari ya kukosea mara moja moja, kwa sababu aliyezuiliwa kimakosa anaweza kuachiliwa baadaye. Ukutani kwangu, ambako hakuna anayenikimbiza, nimekuwa mkali zaidi. Picha ya flashi siipi jina la spishi, wala mkia ulioota upya siuhesabu.

Wiki iliyopita nilimfunika mwingine kwa bilauri ile ile, jikoni, kando ya mtungi wa gesi. Vinundu vilikuwepo, vibamba nikavihesabu, mapajani hapakuwa na vitundu. Nikaandika "Hemidactylus, jike, vinundu vingi, mkia mzima", nikamwachia juu ya dirisha. Alikimbilia nyuma ya kalenda.