DDT: Yai la Mwari na Ukuta wa Nyumba

Kila DDT inapotajwa, ile dawa ya kuua wadudu inayopuliziwa kwenye kuta za nyumba kuua mbu, swali ni lilelile: tumwokoe ndege au mtoto mwenye malaria? Anayeuliza ana ushahidi. Afrika Kusini iliiacha DDT mwaka 1996 ikahamia pairethroidi, aina nyingine ya dawa ya wadudu. Mbu sugu wakarudi, na mwaka 2000 wagonjwa wakapita 60,000. DDT iliporejeshwa, pamoja na dawa mseto mpya ya kutibu malaria, idadi ikashuka.

Lakini swali hilo linawaonea ndege, kwa sababu kesi yao kubwa haikuanzia kwenye kuta za nyumba. Ilianzia mashambani na kwenye majitaka ya viwanda. Mwaka 1970, katika kisiwa cha Anacapa, California, viota zaidi ya 500 vya mwari, ndege mla samaki mwenye mfuko chini ya mdomo, vilitoa kifaranga mmoja. Mmoja! Kiwanda cha DDT cha Los Angeles kilikuwa kikimwaga taka zake kwenye mfereji uliofika baharini. Dagaa wakazibeba, mwari akala dagaa.

Na mwari jike hakufa. Aliruka, akavua, akataga kwa wakati wake. Ila DDE, mabaki ya DDT yaliyojikusanya mwilini mwake, ilizuia kalsiamu kutoka damuni kufika kwenye ganda lililokuwa likijengwa. Mwari huatamia kwa nyayo, mayai yakiwa chini ya miguu yake. Alipoyakanyaga kama mwari wote walivyofanya tangu zamani, yakapasuka.

Wapo wanaosema kuku walilishwa DDT na mayai yao yakabaki mazima. Ni kweli, kuku hustahimili. Kozi (ndege mwindaji), tai na mwari hawastahimili, nao hula wanyama ambao tayari wamelimbikiza sumu. Mtafiti wa ndege Derek Ratcliffe wa Uingereza alipima maganda ya mayai ya kozi yaliyohifadhiwa na wakusanyaji, na mwaka 1967 akaonyesha kuwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 yalikuwa yamepungua uzito kwa takribani asilimia 19. Wengi wa waliokusanya mayai hayo hawakuwa na habari ya DDT, kwa hiyo hakuna awezaye kusema waliyachagua ili kuithibitisha hoja.

Mkataba wa Stockholm wa 2001, wa kimataifa kuhusu kemikali za sumu zisizooza upesi, uliibana DDT ukairuhusu tu kwa udhibiti wa wadudu waenezao magonjwa, nami naukubali. Ninachopinga ni gunia la DDT lililotolewa kwa ajili ya ukuta kuishia kwenye bustani ya mboga. Kutoka hapo mvua huipeleka mtoni, kwa samaki, hadi kwa kwazi, tai mla samaki.