Aliyewasha Pampu

Alfajiri moja pale mwalo wa Kibirizi, Kigoma, nahodha alivuta kamba ya injini ya boti na moto ukalipuka miguuni pake. Jioni iliyotangulia fundi alikuwa ametoa klipu ya mpira wa mafuta, akaufunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, akaenda nyumbani akidhani atawahi kurudi na klipu mpya. Petroli ilivuja usiku kucha. Bahati abiria wa Mwamgongo walikuwa bado nchi kavu. Moto ukazimwa kwa mchanga, nahodha akaungua mkono. Mwalo mzima ukasema uzembe. Kwa nini hakukagua?

Swali hilo lina haki yake. Nahodha amebeba roho za watu, na tukimtafutia kila mtu udhuru, hata anayejaza abiria kupita kiasi huku ziwa limechafuka atajitetea. Huyo anajua anachofanya, aadhibiwe. Lakini huyu wa alfajiri angejuaje, gizani, bila kuambiwa?

Ndivyo ilivyokuwa Piper Alpha, jukwaa la mafuta na gesi la Bahari ya Kaskazini, usiku wa Julai 6, 1988. Pampu moja ilikuwa imetolewa vali ya usalama kwa matengenezo, na mdomo wa bomba ukazibwa kwa bamba la chuma lisilokazwa sawasawa. Kazi haikuisha, zamu zikapokezana, habari ya vali ikapotelea hapo katikati. Karibu saa nne usiku pampu ya pili ikazima. Watu wa zamu walikiona kibali cha matengenezo ya pampu ya kwanza, ambayo yalikuwa hayajaanza. Kile cha vali hawakukiona. Wakaiwasha ile ya kwanza. Gesi ikatoka, ikalipuka. Walikufa watu 167.

Kwenye mafunzo ya usalama hupenda kutajwa kwamba asilimia 80 ya ajali ni makosa ya kibinadamu. Takwimu hiyo inaniumiza, maana humhesabu mtu wa mwisho aliyeshika kitu. Piper Alpha ilianza kama jukwaa la mafuta, gesi ikaongezwa baadaye, na kuta zake zilijengwa kuzuia moto, si mlipuko. Pampu za kuzimia moto, zinazovuta maji ya bahari, zilikuwa zimewekwa ziwashwe kwa mkono, ili zisije zikawavuta wapiga mbizi waliokuwa majini. Moto ulipoanza hakuna aliyeweza kuzifikia. Mambo hayo waliyaamua watu pia, tena mchana, bila haraka, wakiwa na michoro mezani. Mbona wao hawamo kwenye ile 80? Aliyebonyeza kitufe alikuwa na dakika chache na karatasi moja.

Jaji Cullen, aliyeongoza uchunguzi nchini Uingereza, alitoa mapendekezo 106 mwaka 1990. Uzito wake ulikuwa kwa wenye majukwaa: wathibitishe kwa maandishi kwamba wanazijua hatari zao na wamezidhibiti. Sioni humo huruma iliyopitiliza. Ni kumdai mwenye uwezo wa kubadilisha jambo.

Kibirizi, nahodha aliachishwa kazi wiki ileile, mkono ukiwa bado kwenye bandeji. Klipu mpya ilifungwa. Fundi bado hutengeneza injini jioni, na akimaliza, au asipomaliza, huondoka bila kumwambia mtu. Hakuna aliyemtaka afanye vingine.