Likizo ya Juni na mfuniko wa sufuria

Mpwa wangu alishuka kwenye treni ya Tabora Juni iliyopita na daftari la jiografia lililojaa barafu. Anasoma CBG, yaani kemia, baiolojia na jiografia, kidato cha tano amekimaliza. Namna barafu inavyochonga mabonde, inavyosukuma mawe na kuacha vilima nyuma yake, vyote kavikariri kama dua. Nikamuuliza Ziwa Tanganyika linakorogwa na nini.

"Mjomba, hiyo haimo kwenye silabasi."

Sina ugomvi na barafu. Huko Marekani wapo wanafunzi wa rika lake wanaotumia likizo ya kiangazi kuchunguza barafu ya ncha za dunia, na sehemu kubwa ya kazi hiyo haidai koti la manyoya. Vipimo vya setilaiti vya barafu ya bahari ya Aktiki vipo tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, tena bure. Mtoto wa Mwanga, hapa Kigoma, mwenye bando anaweza kujionea kwamba Septemba 2012 barafu ile ilipungua kuliko mwaka mwingine wowote uliopimwa. Afanye.

Ila kumbukumbu ya namna hiyo tunayo hapa hapa, na tumeikalia. Kule Antaktika theluji hulaliana mwaka juu ya mwaka, ikifungia mapovu ya hewa ndani yake. Barafu iliyochimbwa huko, mahali paitwapo Dome C, imetoa habari za miaka 800,000: muda wote huo kabonidayoksaidi haikupita sehemu 300 kwa milioni, leo imeshapita 420. Ziwa letu nalo lina kina kinachofika mita 1,470, na huko chini hakuna oksijeni wala mdudu wa kufukua, hivyo matope yanatulia tabaka juu ya tabaka. Yamechimbwa, yakasomwa. Utafiti uliotoka mwaka 2010 ulionyesha kuwa maji ya juu ya ziwa hayajapata joto la kiasi hiki kwa miaka 1,500.

Na joto hilo linagusa dagaa. Kiangazi upepo wa kusini hukoroga ziwa, rutuba iliyolala chini ikapanda, mwani ukaota, vijidudu vikala mwani, dagaa wakala vijidudu. Maji ya juu yakipata joto huwa mepesi, yakaelea kama mafuta juu ya mchuzi, na upepo ukashindwa kuyachanganya na ya chini. Jiografia hiyo inauzwa kwa kisado pale mwalo wa Kibirizi.

Walioona thamani yake walivuka bahari. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, Mradi wa Nyanza ulileta wanafunzi wa vyuo vya Marekani hapa Kigoma likizo zao za kiangazi, wakafanya utafiti ziwani pamoja na wenzao wa Afrika. Wetu Juni wako tuisheni. Nami nimelipia hiyo tuisheni, sijitoi.

Basi, ili tupime maji yanaonekana mpaka kina gani, tukachukua mfuniko wa sufuria uliopinda, tukaupaka robo nyeusi, robo nyeupe, kwa zamu. Tukaufunga jiwe na kamba ya mita kumi yenye fundo kila nusu mita. Ukizama mpaka usionekane, unahesabu mafundo. Mwani ukiwa mwingi unapotea mapema. Uvuvi ulikuwa umefungwa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, kwa hiyo mitumbwi ilikuwa imelala tu, na mwenye mmoja amekaa kando.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mmeangusha sufuria?"

Akatupeleka. Kamba ikaisha na mfuniko bado unang'aa chini. Mzee akafungua kamba ya nanga, akaiunga, huku akitueleza kuwa mwezi wa nane maji hubadilika rangi hata bila mfuniko. Mpwa wangu akaandika na hilo.

Ningekuwa na sauti, kila sekondari ya Kigoma ingekata nusu ya tuisheni ya Juni. Kamba, kipimajoto, daftari. Mahali pamoja, saa ileile, kila wiki. Hakuna ombi la fedha hapo. Wazazi watauliza mtihani je, na wana haki ya kuuliza, lakini swali la mtihani kuhusu tabianchi atalijibu vizuri zaidi aliyelowa.

Kijana amesharudi shule. Daftari la ziwa kaniachia mimi, lina mistari minne. Jumamosi nikipata mtumbwi naandika wa tano, na dada anaulizia mfuniko wake.