Redio ya Ridhaa Nyumbani: Saa ya Magharibi ni ya Nani?

Wapenzi wa redio ya ridhaa, wale wenye leseni ya kurusha mawimbi kwa raha yao na si kwa biashara, wana jibu moja wanalowapa wake zao wakilalamika: afadhali mume yuko nyumbani kuliko baa. Nimelisikia Nakuru, nimelisikia Kisumu, na sioni kama linamtendea mke haki. Mke hakusema mumewe yuko baa. Analolalamikia ni kwamba yuko chumba cha pili, hedifoni masikioni, mlango umerudishwa, na mtoto aliyetumwa kumwita aje kula amerudi peke yake: "Baba amesema tumngoje kidogo."

Upande wa redio una uzito wake. Mtu anayeomba leseni kwa Mamlaka ya Mawasiliano na kupewa utambulisho unaoanza na 5Z4 hachezi. Anajifunza umeme, hali ya anga na subira. Antena yake ya mita 20 (huo ni urefu wa wimbi, si wa antena) inaweza kuwa waya wa mita 10 hivi uliofungwa kati ya mparachichi na paa, na watoto wanaomshikia waya huo wanajifunza jiografia wakiulizia nchi zinazosikika. Redio mpya ya wati 100 ni ghali hata kabla ya ushuru, ndiyo, ila ikitunzwa hudumu miaka mingi. Hofu ya radi nayo ni ya kweli, na watu wa Kisii na Kakamega hawahitaji kuelezwa. Dawa yake inajulikana: mlingoti uwe na waya wa ardhini, na antena ichomolewe mapema, kabla wingu halijaanza kunguruma.

Basi si pesa, wala si radi. Kinachogombaniwa ni saa, na hapa ndipo wengi hawamwelewi mama wa nyumba.

Mchana, katika anga ya juu, tabaka la chini linaloitwa D humeza mawimbi ya masafa ya chini. Jua likitua tabaka hilo hutoweka upesi, huku lile la juu, F, likibaki na nguvu ya kurudisha mawimbi duniani. Kwa muda mfupi, sauti ndogo husafiri mbali ajabu kufuata mpaka wa giza na mwanga. Jua linapotua Nakuru, Tahiti katikati ya Pasifiki ndiko kunakaribia kupambazuka. Hakuna mpenda redio asiyeitamani njia hiyo.

Sasa tazama saa yenyewe. Anayeishi London huona jua likitua kabla ya saa kumi jioni mwezi Desemba, na baada ya saa tatu usiku mwezi Juni. Dirisha lake, yaani muda huo mfupi wa kusikika mbali, huhamahama mwaka mzima. Wiki kadhaa linagongana na chakula, miezi mingine linaangukia mapema kabla ya chakula au watoto wakiwa wamelala. Sisi tunaishi juu ya mstari wa ikweta. Nakuru na Kisumu jua hutua kati ya saa kumi na mbili na dakika 20 na saa moja kasoro, Januari hadi Desemba, tofauti ikiwa nusu saa tu. Ndiyo saa watoto wanafungua madaftari, sufuria ya ugali iko jikoni, na mwenye neno la nyumbani analisema. Kwa hiyo ushauri unaotoka Ulaya, kwamba mke avumilie msimu upite, huku hauna maana. Msimu haupiti. Mke anayesema "kila siku" hatii chumvi. Anasema kweli ya jua.

Tena kuna mashindano ya kuwasiliana na vituo vingi iwezekanavyo. Lile kubwa la CQ World Wide hufanyika wikendi kamili ya mwisho ya Oktoba kwa sauti, na ya Novemba kwa Morse, yaani alama za nukta na mistari, saa 48 mfululizo. Kwetu huanza saa tisa usiku wa kuamkia Jumamosi na kuisha saa tisa usiku wa kuamkia Jumatatu. Magharibi mwa Kenya Jumamosi ni siku ya mazishi. Mume akikosekana matangani, anayeulizwa ni mke, na ni yeye anayetafuta maneno mbele ya mashemeji. Gharama hiyo haiandikwi popote katika hesabu ya redio.

Wengine hushauri mke naye achukue leseni. Imewezekana: Rajiv Gandhi, aliyekuwa waziri mkuu wa India, alikuwa na utambulisho VU2RG, na mkewe Sonia VU2SON. Kama mama anapenda, vizuri sana, na apewe kiti chake. Lakini asilazimike kusomea leseni ndipo azungumze na mumewe jioni.

Mpenda redio atauliza: je, niiache Pasifiki? Haachi kitu. Njia ileile hufunguka tena alfajiri, jua likichomoza kwetu karibu saa kumi na mbili na nusu huku likitua Tahiti. Siku za shule asubuhi hiyo ina mbio zake, lakini Jumamosi na Jumapili nyumba bado imelala. Ulaya nayo husikika kwenye mita 40 kwa saa nyingi za usiku, baada ya watoto kulala. Hata shindano la saa 48 lina kundi la Classic, ambalo mshiriki huhesabiwa saa 24 tu. Anaweza kwenda mazishini Jumamosi, arudi jioni ale na watu wake, kisha aketi redioni usiku na kutwa ya Jumapili, na alama zake zihesabiwe sawa na za wenzake wa kundi hilo.