Ramani ya kemia ya ubongo wa panya: haidrojeni au deuteri?

Ubongo mzima wa panya wa maabara una uzito wa gramu 2 hivi. Mtafiti akitaka kujua kemikali zake zimekaaje bila kumpasua mnyama, humlaza kwenye sumaku ya MRI. Swali ni moja: asome ishara ya haidrojeni ya kawaida au ya deuteri, yaani haidrojeni nzito?

Haidrojeni haidai kumdunga panya chochote. Kemikali za ubongo kama NAA (ya seli za neva), kreatini, kolini na glutameti zimo tayari, na katika sumaku ya tesla 14.1, kama iliyoko Lausanne, Uswisi, vilele vya glutameti na glutamini kwenye grafu ya ishara vinaachana vizuri. Kasoro yake ni majirani. Ishara ya maji huzizidi kemikali hizo maelfu ya mara, na mafuta ya chini ya ngozi ya kichwa, yaliyo milimita chache tu kutoka gamba la ubongo, humwagikia vipimo vya pembeni. Ukisoma ishara mara tu baada ya mpigo wa mawimbi ya redio, bila kungoja mwangwi wake, unaziwahi kemikali ambazo ishara yake hufifia haraka. Lakini unalikosa lile sanduku la PRESS, mbinu ya mwangwi inayochagua eneo la kupimwa na kuliacha fuvu nje.

Deuteri ni habari nyingine. Mwaka 2018 watafiti wa Yale walionyesha kwamba panya akipewa glukosi yenye deuteri, unaweza kuifuata glukosi hiyo ikigeuka laktati au glutameti. Deuteri ya asili mwilini ni kidogo mno, kwa hiyo maji hayasumbui, tena yanakuwa kipimo cha kulinganishia. Kwenye uvimbe wa ubongo, laktati hupanda na glutameti hushuka. Gharama yake ni ishara dhaifu, vokseli (vijisanduku vya picha) kubwa, na glutameti kuungana na glutamini katika kilele kimoja.

Njia ya tatu, piruvati (zao la glukosi) yenye kaboni-13, aina nzito ya kaboni, iliyokuzwa ishara zaidi ya mara 10,000, inavutia, ila ishara yake hufifia ndani ya dakika chache, na lazima kwanza piruvati ivuke kizuizi cha damu na ubongo.

Mimi ningeanza na haidrojeni kwa kujua kilichomo, nikaongeza deuteri pale tu ninapouliza glukosi inatumikaje. Na kwa njia yoyote ile, ningedai dawa ya usingizi iandikwe kando ya ramani, kwa kuwa isofluleni, gesi ya usingizi, peke yake hupandisha laktati ubongoni, na doa jekundu kwenye picha haliwezi kukwambia kama limeletwa na ugonjwa au na ile barakoa ya gesi iliyofunikwa puani mwa panya.