Namba D ya kijiweni na namba B ya mwalimu

"Boxer 125, namba D, injini haijafunguliwa, kadi ipo, bei maelewano." Ukiishi Dodoma na una simu, tangazo la namna hii umeshaliona kwenye kundi la WhatsApp la mtaa wenu. Picha nayo unaijua: pikipiki imeoshwa, imeegeshwa mbele ya ukuta wa tofali, tairi zimepakwa kitu cheusi ili zing'ae. Katika maneno yote hayo, linalopanga bei ni moja tu, ile herufi D. Mengine ni mapambo. Kwa maoni yangu soko letu limepotea hapo, na anayeumia zaidi ni kijana anayetafuta chombo chake cha kwanza.

Namba za pikipiki huanza na MC, zikafuata tarakimu tatu, kisha herufi tatu zinazosogea kwa alfabeti kadiri vyombo vinavyosajiliwa. Herufi ya kwanza kati ya hizo inakupa makadirio ya lini chombo kiliingia barabarani. Basi. Kilichofanya tangu siku hiyo haikuambii.

Chukua pikipiki mbili zilizosajiliwa mwezi mmoja. Ya kwanza ni ya mwalimu anayekaa Nzuguni na kufundisha Ihumwa. Tuseme inatembea kilomita 20 kila siku ya kazi. Kwa mwaka haifiki hata 6,000. Ya pili iko kijiweni Sabasaba, inapeleka abiria Kisasa, Nkuhungu, Mtumba, inarudi. Weka kilomita 100 kwa siku, siku 300 kwa mwaka: hapo ni 30,000. Baada ya miaka mitatu moja ina 90,000, nyingine haijafika 20,000. Kwa dalali zote ni namba D na bei atakazokutajia zinakaribiana. Ukijaribu kubisha, jibu analo mdomoni: "Kaka, hii ni namba D, usiichukulie poa."

Mimi ningelipa zaidi hata kwa namba B ya mwalimu, iliyosajiliwa zamani zaidi, kuliko namba D ya kijiweni, na nimeshachekwa kwa kusema hivyo.

Sasa utajuaje ipi ni ipi, maana kila muuzaji atakwambia alikuwa anaendea kazini tu? Mita isikudanganye. Kwenye pikipiki ya abiria mita mara nyingi imekufa zamani, waya umekatika na hakuna aliyeona haja ya kuurudisha. Angalia raba za kukanyagia za abiria, zile za nyuma. Mwalimu habebi abiria kila siku, kwa hiyo za kwake bado zina meno. Za bodaboda zimelika hadi chuma kinaonekana, au ni mpya kabisa wakati za dereva ni kuukuu, na hiyo ndiyo inayonitia shaka kuliko zote. Kisha inua kiti uangalie fremu kama imechomelewa. Pikipiki iliyobeba magunia ya mkaa au ya mahindi vijijini Chamwino na Kongwa huacha alama hapo na kwenye keria, hata ikipigwa rangi. Uliza pia kama ilikuwa inaendeshwa na deiwaka, yaani dereva wa kushikia kwa siku. Chombo kinachopita mikono ya watu watatu kwa wiki hakina anayekionea huruma.

Na kuna vumbi letu. Barabara za mitaa za Dodoma, ukishaacha lami, ni mchanga na vumbi kwa sehemu kubwa ya mwaka. Chujio la hewa likichanika na mwenye pikipiki akaona si kitu, vumbi linaingia hadi kwenye silinda na kuzisaga ringi. Matokeo yake ni moshi wa bluu na oili inayopungua bila kuvuja popote. Ndiyo maana ukienda kuangalia pikipiki mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Shika injini kwa mkono. Kama ni ya moto, mwulize kwa nini. Injini iliyochoka inaficha mengi ikishapata joto, na oili nzito inanyamazisha kelele kwa siku moja au mbili, muda unaotosha kabisa kupokea pesa yako.

Hapo nifike kwenye sifa inayoniudhi, "injini haijafunguliwa". Tumekubali vipi kwamba hilo ni jambo la kuongezea bei? Pikipiki iliyotembea kilomita 80,000 bila kufunguliwa inakaribia kufunguliwa, na utakayeifungua ni wewe, kwa pesa yako. Iliyofunguliwa na fundi anayejulikana, ikawekwa pistoni na ringi mpya, mwenye nayo akakutajia duka alikonunua spea na fundi akathibitisha, hiyo mimi naiona ina thamani kubwa zaidi. Lakini muuzaji akisema ukweli huo wateja wanakimbia, kwa hiyo anajifunza kudanganya. Wanunuzi ndio tuliomfundisha.

Kadi ya usajili nayo ni hadithi. "Kadi ipo" ni kweli, ipo, ila ina jina la nani? Pikipiki nyingi za Dodoma zilianza maisha kwa mkataba: bosi ananunua, kijana anampelekea hesabu, kiasi walichokubaliana, kila siku, mwisho chombo kinakuwa chake. Tuseme hesabu ni 10,000, siku 26 kwa mwezi, miezi 14. Kijana amelipa 3,640,000. Siku ya kumaliza anakabidhiwa kadi na wanapeana mikono. Kubadilisha umiliki kule TRA, mamlaka ya mapato, wanasema watafanya baadaye. Kijana anauza kwa karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa mtaa, aliyenunua naye anauza vilevile, na wewe wa nne unashika kadi yenye jina la mtu aliyehamia Singida na hapokei simu. Uhamisho unahitaji muuzaji mwenye jina kwenye kadi, TIN yake (namba ya mlipakodi) na TIN yako. Huwezi kuufanya na mtu usiyempata. Chombo kikikamatwa au kikiibwa, wewe ndiye unayeanza kujieleza.

Kwenye bei, hilo halihesabiki kabisa, na hapo ndipo ningependa tubadilike. Kadi yenye jina la muuzaji mwenyewe, aliyekaa mbele yako na kitambulisho chake cha NIDA, ilipaswa kuongeza laki kadhaa. Isiyo na mwenyewe ilipaswa kushusha bei hadi muuzaji aamue ni nafuu kumtafuta yule bwana wa Singida. Faini za barabarani pia zinafuata namba ya chombo. Tangu bajeti ya 2021 kosa moja la pikipiki limeshushwa kutoka 30,000 hadi 10,000, lakini makosa nane ni 80,000, na kuangalia deni kwa namba ya usajili hakuchukui muda.

Kuhusu aina sina mengi. Boxer na TVS zinashika bei kwa sababu spea zake zinapatikana hata Kondoa na Mpwapwa, na kila fundi chini ya mti anazijua. Zile Yamaha na Honda za miradi, ndefu, zinazopigwa mnada ofisi zikibadilisha vyombo, zimetengenezwa kwa uimara mkubwa, lakini zikiharibika unaagiza kifaa na kusubiri. Kwa mtu anayeishi kwa hesabu ya kila siku, kusubiri ndiyo gharama yenyewe. Hapo soko liko sahihi, silibishii.

Kinachosahaulika ni kalenda. Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, takribani Desemba hadi Aprili. Januari kuna sare, michango na ada, Februari ghala zimepungua na mavuno bado. Ndio wakati pikipiki zinajaa kwenye makundi ya simu na bei zinalegea. Ikifika Juni na Julai, mahindi na alizeti zimeshauzwa, soko la nafaka la Kibaigwa limechangamka, na vijana wa vijijini wanakuja mjini na pesa taslimu kutafuta chombo. Pikipiki ileile, bila kubadilishwa hata plagi, inaulizwa na watu watatu kwa siku. Sijaona kitu kingine kinachosogeza bei kama hicho, si herufi wala injini. Mwenye nafasi ya kungoja anunue Februari na auze Julai. Anayeuza Februari kwa kawaida hana nafasi hiyo, na dalali analijua hilo tangu anapopokea simu yake.