Dodoso la sonona si hukumu ya daktari
Makala yenu inawahimiza vijana watafute habari za afya ya akili kwenye intaneti. Naunga mkono, ila imeacha jambo zito. Huko vijana hukutana na dodoso, yaani orodha ya maswali ya kujipima sonona (ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha). Linalotumika sana lina maswali tisa kuhusu hali ya wiki mbili zilizopita, na alama zake ni 0 hadi 27. Kazi yake ni kuchuja tu, yaani kuonyesha nani apimwe zaidi, kwani hata upungufu wa damu huweza kuleta uchovu uleule unaoulizwa humo. Mdogo wangu hapa Ngamiani, Tanga, alijihukumu kwa alama hizo akajifungia chumbani mwezi mzima (jambo linaloniuma hadi leo), mpaka tulipompeleka hospitali ya Bombo, akapimwa na kusikilizwa. Ambaye swali la tisa, lile la mawazo ya kufa au kujidhuru, linamgusa, asiendelee kusoma peke yake. Amwambie mtu wa nyumbani, waende hospitali siku hiyohiyo.